Wakimvamia Mwenzako Mtandaoni, Wewe Uko Wapi?



Vijana wenzangu wa Chala, Taveta, Voi na kote mnakotufuata, leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Kuna dada yetu mmoja wa huku Chala. Jina simtaji, na nyinyi mnaomjua naomba msimtaje kwa komenti. Alipomaliza fomu four alienda kuomba kitambulisho. Akaambiwa alete cheti cha kuzaliwa cha babake. Akaleta. Akaambiwa alete kitambulisho cha babu. Akaleta. Akaambiwa arudi wiki ijayo, halafu wiki nyingine tena. Wenzake wa darasa moja, ambao majina yao si ya Kiislamu, walikuwa washapata vyao na wengine washaanza kutafuta kazi. Hii ilikuwa kabla ya Februari 2025, Rais alipotangaza akiwa Wajir kwamba ule uhakiki wa ziada kwa jamii za mpakani umefutwa.

Siku moja akachoka. Akashika simu, akarekodi video ya kama dakika mbili. Hakumtukana mtu. Aliuliza tu: mbona mimi?

Saa za kwanza watu walimpa pole. Kufika Maghrib mambo yakabadilika. Wa kwanza akaandika, "Rudi Tanzania." Wa pili akasema huyo ni bibi ya Al-Shabaab, asipewe kitu. Halafu ikatokea picha yake ya zamani, ameipiga na dada zake ndani ya nyumba siku ya harusi, hana hijabu. Picha hiyo haikutoka kwa adui. Ilitoka kwa grupu la familia. Kikulacho ki nguoni mwako, wallahi. Baadaye usiku mtu akaanika namba yake ya simu. Akaanza kupigiwa na wanaume asiowajua, saa saba, saa nane, wengine wakimtumia picha ambazo siwezi kuzieleza hapa.

Na kilichoniuma zaidi ni Waislamu wenzetu walioingia wakaandika, "Mwanamke wa Kiislamu anatafuta nini mbele ya kamera?" Kana kwamba yeye ndiye mkosaji, na waliomtupia uchafu ni watu wa kawaida tu.

Mimi nilikuwa kwa magrupu mawili kati ya yale yaliyosambaza. Niliona. Nikasema moyoni, "Maskini, kesho nitampigia." Kesho yake nilikuwa na shughuli. Siku ya tatu nikapiga, laini imezimwa. Babake alikuwa ameivunja. Video ilishafutwa. Na swali lake la kitambulisho? Hakuna aliyelijibu, manake kufikia hapo hakuna aliyekuwa analizungumzia. Kila mtu alikuwa anazungumza kuhusu nywele zake.

Hiyo ndiyo kazi ya matusi ya mtandaoni. Yanalihamisha swali kutoka kwa jambo lililosemwa hadi kwa mwili, dini na ukoo wa aliyesema, mpaka mwenyewe ajute kufungua mdomo. Na hayafanikiwi kwa nguvu ya wanaotukana peke yao. Yanafanikiwa kwa sababu sisi tunaomjua tunanyamaza.

WENGINE WANALIPWA

Tusijidanganye kwamba kila anayekutukana ana hasira ya kweli. Mwaka 2021 watafiti wawili wa Kenya, Odanga Madung na Brian Obilo, walitoa uchunguzi kupitia shirika la Mozilla kuhusu biashara ya kuchafua watu majina kwenye Twitter, ambayo siku hizi inaitwa X. Hiyo ilikuwa enzi ya BBI. Walikuta karibu akaunti 3,700 na zaidi ya twiti 23,000 zilizotumika kushambulia majaji na wanaharakati na kuvuruga mjadala. Waliofanya kazi hiyo waliwaambia kwamba wanalipwa kama dola 10 hadi 15 kwa kushiriki kampeni tatu kwa siku.

Fikiria hilo. Wewe unakosa usingizi, unajibu komenti moja baada ya nyingine, unataka kumwelewesha mtu. Na huyo mtu yuko kazini. Akimaliza na wewe anaenda kwa mwingine. Kila jibu lako linamsaidia, manake posti inazidi kupanda na watu zaidi wanaiona.

Angalieni pia yaliyompata Hanifa Adan, dada yetu mwandishi wa habari. Mwaka 2024, wakati wa maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, aliongoza mchango wa mamilioni ya shilingi kwa ajili ya majeruhi na familia za waliouawa. Malipo yake yakawa nini? Alishambuliwa kwa uanamke wake, kwa Uislamu wake na kwa asili yake ya Kisomali. Mtu akikosa hoja ya kukujibu, anakimbilia mahali ulipozaliwa.

KWETU SISI, TUSI LINAWEZA KUWA FAILI

Kijana yeyote Mkenya akitoa maoni anaweza kutukanwa. Lakini kijana Muislamu wa Pwani ana hatari moja ya ziada, nayo ni lile neno "gaidi". Mtu analiandika kama mzaha, anaweka na kicheko, anaenda zake kulala. Kwetu sisi neno hilo si mzaha. Tunajua kuna majina yaliyoandikwa mahali kwa sababu ya uvumi, na kuna familia ambazo mpaka leo zinauliza mtoto wao alipelekwa wapi.

Wala si watu binafsi tu. Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, mashirika mawili ya haki za binadamu ya Mombasa, MUHURI na HAKI Africa, yaliwekwa kwenye orodha ya serikali ya wanaoshukiwa kuhusika na ugaidi. Akaunti zao za benki zikafungwa. Yalienda mahakamani, na mwaka huohuo mahakama ikayasafisha na kuamuru akaunti zifunguliwe. Lakini fikiria: shirika lenye ofisi, mawakili na wafadhili lilihitaji miezi kadhaa kujivua neno hilo. Sasa mtoto wa fomu four wa Chala atalivua na nini?

Ndiyo maana nasema, ukimwona Muislamu mwenzako anaitwa gaidi kwa sababu ya maoni yake, usipite kama umeona tangazo la sabuni. Na ukiwa wewe ndiye unayelirusha kwa Muislamu mwenzako kwa sababu mnatofautiana msikiti au madhehebu, jua unacheza na maisha ya mtu. Hata "kafiri" na "murtadi" tunavyozitupa kwa komenti siku hizi, mwenye kuzitupa anajua uzito wake mbele ya Allah?

MWALIMU WA KAUNTI YETU

Kuna jina moja ambalo watu wa Taita Taveta hatuna ruhusa ya kulisahau. Albert Ojwang alikuwa mwalimu wa shule ya Kituma, kaunti yetu hii hii. Alikuwa na umri wa miaka 31, ana mke na mtoto mdogo. Jumamosi tarehe 7 Juni 2025 alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay kwa tuhuma za kuchapisha habari za uongo kwenye X kumhusu Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi, Eliud Lagat. Akasafirishwa kwa gari mpaka Nairobi, akaingizwa kituo cha Central. Jumapili alikuwa amekufa.

Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Daktari wa serikali aliyeupasua mwili alisema majeraha yale hayakuonekana ya mtu kujiumiza mwenyewe: kichwa kilikuwa kimeumizwa na shingo ilikuwa imekabwa. Watu 6, wakiwemo maafisa 3 wa polisi, walishtakiwa kwa mauaji, na wakakana mashtaka.

Ojwang hakuwa Muislamu. Sioni tofauti. Alikuwa mwalimu wa watoto wetu, na maandishi ya simu yalitosha kumtoa kwa chakula chake cha mchana na kumpeleka kaburini. Nimemtaja hapa ili tuelewe kwamba kuvamiwa mtandaoni si jambo la "zima simu ulale". Mara nyingine kinachoanza kwenye skrini hakiishii kwenye skrini.

SHERIA INASEMAJE?

Katiba yetu, kifungu cha 33, inakupa uhuru wa kusema. Kifungu hichohicho hakilindi uchochezi wa vita, ghasia na chuki, na kinakutaka uheshimu haki na heshima ya wengine. Kifungu cha 31 kinalinda faragha yako. Na ukikamatwa, kifungu cha 49 kinakupa haki ya kuelezwa sababu, kunyamaza, kuzungumza na wakili, na kufikishwa kortini kabla ya saa 24 kuisha, au siku ya kwanza ya korti ikiwa ni wikendi.

Halafu kuna ile Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018. Kifungu cha 27 kinahusu kumsumbua mtu mtandaoni, na adhabu yake inafika faini ya shilingi milioni 20 au kifungo cha miaka 10, au vyote viwili. Kifungu cha 37 kinahusu kusambaza picha za utupu au za siri za mtu: faini hadi shilingi 200,000 au kifungo hadi miaka 2, au vyote viwili. Someni hiyo ya pili tena, nyinyi mnaosema "mimi nimetumiwa tu, nami nikatuma".

Lakini tuwe wakweli. Sheria hii ni kisu chenye makali pande mbili. Maneno mapana yanayoweza kumlinda dada yetu ndiyo hayohayo mkubwa anaweza kuyatumia kumfunga mdomo aliyemkosoa. Ilipofanyiwa marekebisho Oktoba 2025 na kifungu cha 27 kikapanuliwa, haikuchukua wiki mbili Mahakama Kuu ikasimamisha sehemu zake kwa muda, baada ya mwimbaji Reuben Kigame na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ile isiyo ya serikali, kwenda kortini. Kwa hivyo tuitumie sheria, lakini tusiitegemee peke yake. Hakimu hatakuwepo saa nane ya usiku simu inapolia. Rafiki anaweza kuwepo.

NA SISI PIA MIKONO YETU SI SAFI

Juni 2024 vijana walisambaza namba za simu za wabunge na kuhimizana "kuwasalimia". Tulicheka sana. Mimi mwenyewe nilituma. Kuna atakayesema mbunge ni mtumishi wa umma na lazima asikie wananchi, na hoja hiyo ina uzito. Lakini tuseme ukweli: si kila ujumbe uliotumwa ulikuwa wa mwananchi kwa mbunge wake. Kulikuwa na matusi na vitisho, hata kwa jamaa zao. Tukikubali kwamba kuanika namba ni sawa kwa yule tusiyempenda, hatutakuwa na ulimi wa kulalamika ikianikwa ya dada yetu.

Dini yetu imeshalizungumza jambo hili zamani. Kumbukeni kisa cha Ifk. Mama yetu Aisha, Allah amridhie, aliachwa nyuma safarini akitafuta kidani chake, akarudishwa na Swahaba Safwan. Wanafiki wakalipata la kusema. Uvumi ukazunguka Madina karibu mwezi mzima. Hakukuwa na simu wala bando, lakini namna ulivyosambaa tunaijua vizuri: huyu kasikia kwa yule, yule kasikia kwa huyu, na hakuna aliyeona. Na waliousambaza hawakuwa wanafiki peke yao. Walikuwemo waumini waliouchukulia kama maneno tu. Surat An-Nur ikateremka kumtakasa, na ikatufundisha kwamba lile tunalolidhani jepesi midomoni mwetu, mbele ya Allah ni zito.

Lakini kuna mtu mwingine katika kisa hicho ambaye hatumtaji sana. Abu Ayyub al-Ansari alizungumza na mkewe, Umm Ayyub, kuhusu uvumi ule. Akamuuliza kama yeye angeweza kufanya jambo kama lile. Mke akakataa. Akamwambia, basi Aisha ni bora kuliko wewe. Yakaishia hapo, nyumbani mwao, hayakutoka nje. Hakuwa na ushahidi mpya. Alichofanya ni kumdhania mwenzake vizuri na kukataa kuwa njia ya uvumi kupitia. Hicho ndicho tunachoombwa sisi leo kila tukishika simu.

TUFANYE NINI?

Kuna wazee watakaosema dawa ni kunyamaza. Nawaheshimu, wameona mengi. Lakini ule uhakiki wa vitambulisho haukuondolewa na kimya. Uliondolewa baada ya watu kuupigia kelele miaka na miaka. Tukinyamaza wote tutakuwa salama kwa muda, na tutabaki bila haki. Kwa hivyo tusemeni, lakini tusiseme ovyo, na mtu asiseme peke yake.

Kabla hujaposti:

1. Hakikisha unachosema unakijua. Surat Al-Hujurat inatuamrisha kuihakiki habari kabla ya kuifanyia kazi. Sema uliloliona na lililokupata. Kosoa jambo na cheo, achana na mama ya mtu na kabila lake.
2. Ficha namba yako. Kenya hii namba peke yake inatosha, manake mtu akianza kukutumia pesa kwa M-Pesa, jina linajitokeza. Kwa mambo ya harakati tumia laini nyingine.
3. Weka ulinzi wa hatua mbili kwa WhatsApp, Facebook na TikTok. Zuia watu usiowajua kukuingiza kwa magrupu. Ondoa picha zinazoonyesha nyumba yenu, shule ya mdogo wako au njia unayopita kila siku.
4. Mwambie mtu mmoja unayemwamini: leo naposti hivi, kaa karibu na simu.

Wakikuvamia:

1. Usijibu ukiwa na hasira. Na usifute kabla hujahifadhi ushahidi. Piga skrinshoti zinazoonyesha jina la akaunti, tarehe na saa, na uhifadhi anwani ya posti. Mtumie mwenzako nakala.
2. Mpe mtu mwingine simu yako akusomee komenti. Hakuna thawabu ya kusoma kila tusi.
3. Vitisho vya kuua, kubaka au kudhuru, peleka kituo cha polisi pamoja na mtu mzima au wakili, na usitoke bila namba ya OB. Picha au namba yako ikianikwa, unaweza pia kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.
4. Ukihisi unafuatwa, waambie watu wako ulipo, na uwe na namba ya wakili au shirika la haki kichwani, si kwa simu peke yake.

Na kwako wewe uliyeona tu, ambaye ndiye ninayekuandikia hasa:

1. Piga simu usiku uleule. Usingoje kesho kama mimi.
2. Usiisambaze ile picha hata kwa kusema "oneni walivyomfanyia".
3. Ripoti akaunti inayomtukana, kisha rudisha watu kwenye swali lake. Andika: "Aliuliza kuhusu kitambulisho. Nani atamjibu?" Komenti kumi za namna hiyo zinabadilisha mazungumzo yote.
4. Kama wewe ni admini wa grupu, futa na umtoe mtu. Grupu ni nyumba yako. Ungekubali mtu asimame sebuleni kwako amvue nguo binti wa jirani?

Na wazazi wetu, nasema hili kwa adabu: kuvunja laini ya mtoto hakumwadhibu aliyemtukana. Kunamwambia mtoto kwamba hata nyumbani yeye ndiye mwenye makosa. Kaeni naye. Msikilizeni kwanza.

Sisi wa ukurasa huu tunaanza na letu. Komenti yoyote yenye namba ya mtu, picha yake ya siri, au neno la kumwita mtu gaidi bila haki, tutaiondoa, iwe anayelengwa ni wetu au ni mpinzani wetu. Na yeyote anayevamiwa atuandikie kwa siri. Tutajitahidi asikae usiku huo peke yake.

Yule dada nilimwona tena siku moja ya soko Taveta, anamsaidia mamake kuuza ndizi. Nilimwomba msamaha. Alitabasamu tu, akaniambia, "Haina neno kaka, yashapita." Lakini nilipomuuliza kama ataposti tena siku moja, alitazama chini, akaendelea kupanga ndizi.

Allah atusamehe kwa kimya chetu, na atupe ulimi wa haki na ujasiri wa kusimama na mwenzetu. Ujumbe huu ukifika kwako, fikiria mtu mmoja aliyewahi kutukanwa ukamwona ukapita. Mpigie leo.

Wassalaam alaykum.